Jumla za chama zisipolingana, mkulima ndiye anayelipa

VYAMA vingi vya ushirika vya msingi nchini Tanzania vimeanza kuachana na madaftari na kuingia kwenye kompyuta. Stakabadhi za wakulima zinaingizwa kwenye programu, malipo yanapitia benki, na siku ya mkutano mkuu wanachama wanasomewa ripoti iliyochapwa vizuri, yenye majedwali yaliyopangwa na jumla chini ya kila safu.

Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni nadra kusikika kwenye mikutano hiyo: je, jumla ya jedwali la mapokezi inalingana na jumla ya jedwali la mauzo, na hizo mbili zinalingana na jumla ya jedwali la malipo?

Wengi hudhani hilo ni swali la mhasibu. Ukweli ni kwamba ni swali la mkulima, kwa sababu jumla hizo zikitofautiana na asitokee wa kueleza kwa nini, pengo hilo huishia mfukoni mwake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena la umeme, lakini mali inaweza kupotea vilevile endapo kurasa za daftari hilo hazisomwi kwa pamoja.

Majedwali manne, korosho moja

Chukua mfano wa korosho. Tangu msimu wa 2007/08, zao hilo limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2005. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, chama kinazisafirisha hadi ghala kuu, mnunuzi anapatikana mnadani, kisha fedha zinarudi hadi kwenye akaunti ya mkulima.

Katika safari hiyo, korosho ile ile inaandikwa mara nne. Jedwali la kwanza ni rejesta ya wanachama, lenye namba, jina na akaunti ya benki. La pili ni mapokezi, ambapo kila mzigo unaopimwa una mstari wake. La tatu ni mauzo, yaani kila mnada una kilo zake na bei yake. La nne ni malipo, ambapo kila fedha iliyotumwa kwa mkulima inaandikwa.

Majedwali hayo ni ndugu. Yanaunganishwa na kitu kimoja, namba ya uanachama au namba ya mnada. Kwa kuwa yanaeleza korosho zile zile, jumla zake ni lazima ziwiane, na pale zisipowiana pawe na maelezo ya maandishi.

Tatizo linaanza pale karani anapoiambia programu iyaunganishe majedwali hayo ili itoe ripoti moja.

Kilo 500 zinavyogeuka kuwa 1,000

Tuseme mwanachama namba 014 alipeleka mizigo mitatu: kilo 120, kilo 200 na kilo 180. Jumla ni kilo 500. Chama kimemlipa mara mbili, kwa sababu korosho zake ziliuzwa katika minada miwili: kilo 320 kwanza, kisha kilo 180. Bei baada ya makato ilikuwa Sh2,000 kwa kilo, hivyo alipokea Sh640,000 na baadaye Sh360,000. Jumla ni Sh1,000,000.

Hapo hakuna tatizo. Kilo 500 kwa Sh2,000 ni milioni moja.

Sasa karani anaunganisha jedwali la mapokezi na jedwali la malipo kwa kutumia namba ya uanachama. Kompyuta haijui ni mzigo upi ulilipiwa na malipo yapi. Kwa hiyo inaoanisha kila mzigo na kila malipo ya namba 014. Mizigo mitatu mara malipo mawili inaleta mistari sita.

Katika mistari hiyo sita, kila mzigo umejitokeza mara mbili na kila malipo yamejitokeza mara tatu. Ripoti ikijumlishwa, inaonyesha mwanachama huyo amepeleka kilo 1,000 na kulipwa Sh3,000,000. Ukigawanya, bei inaonekana kuwa Sh3,000 kwa kilo.

Mkulima huyo alipata Sh2,000 kwa kilo. Ripoti inasema Sh3,000. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kuandika, na hesabu ya kompyuta haina dosari hata ya shilingi moja. Imejumlisha ilichopewa.

Ubaya wa kosa la aina hii ni kwamba linapendeza. Ripoti inayoonyesha bei kubwa na kilo nyingi hupigiwa makofi. Bodi inaweza kuitumia kuomba mkopo wa pembejeo wa msimu unaofuata, na mkopo huo ukawa mkubwa kuliko mazao halisi ya wanachama. Siku ya kuulipa, makato yatatoka kwenye korosho zile zile za mkulima.

Dawa yake ni nyepesi. Kila jedwali lijumlishwe peke yake kwanza, kwa kila mwanachama, ndipo yaunganishwe. Namba 014 awe na mstari mmoja kwenye mapokezi, wenye kilo 500, na mstari mmoja kwenye malipo, wenye Sh1,000,000. Mmoja kwa mmoja haviwezi kuzaa sita.

Mistari inayopotea kimya kimya

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Badala ya kuongeza, linapunguza, na ndilo linalomuumiza mkulima moja kwa moja.

Kwenye rejesta mwanachama ameandikwa namba 027. Kwenye mapokezi karani mwingine ameandika 27 bila sifuri. Kwa binadamu hao ni mtu mmoja. Kwa programu nyingi, endapo namba hizo zimehifadhiwa kama maandishi, hao ni watu wawili tofauti. Ripoti inayoanzia kwenye rejesta itamtafuta 027 kwenye mapokezi, haitampata, nayo itamwandikia sifuri au kumwacha kabisa.

Mkulima anayo stakabadhi yake mkononi na korosho zake ziko ghalani. Lakini kwenye orodha inayopelekwa benki, hayupo. Atakwenda ofisini mara ya kwanza aambiwe asubiri, mara ya pili aambiwe mfumo una tatizo, na mara ya tatu atakuwa ameuza msimu ujao kwa kangomba ili apate ada ya mtoto.

Mistari hupotea hata katika nchi zilizoendelea. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, mamlaka ya afya ya Uingereza iligundua kuwa wagonjwa 15,841 hawakuwa wameingia kwenye takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Chanzo kilikuwa faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje, na wengi waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Kama jumla ya mistari iliyotumwa ingelinganishwa na jumla ya mistari iliyopokelewa kila siku, pengo lingeonekana siku ya kwanza. Chama cha msingi chenye wanachama 600 kinaweza kufanya ulinganisho huo kwa dakika chache tu.

Si kila tofauti ni wizi

Ni muhimu pia kusema upande wa pili, kwa sababu wapo makarani na makatibu waliovunjiwa heshima, na wengine kufukuzwa, kwa tofauti ambazo zina maelezo halali.

Tofauti ya kwanza ni ya tarehe. Jedwali la mapokezi likifungwa Novemba 30 na la malipo likifungwa Desemba 31, jumla zake haziwezi kulingana hata malaika akiziandika. Majedwali yanayolinganishwa ni lazima yafungwe siku moja.

Ya pili ni unyaufu. Korosho iliyopimwa kijijini ikiwa na unyevu hupungua uzito kabla ya kufika ghala kuu.

Ya tatu ni makato. Fedha za mauzo si fedha za mkulima zote. Kuna ushuru, usafirishaji na tozo nyingine zilizokubaliwa. Anayelinganisha mauzo ghafi na malipo halisi atapata pengo kubwa na kuanza kushuku watu bure.

Ya nne huwashangaza wengi: kuna jumla ambayo haipaswi kuwa sawa na mistari iliyo juu yake. Tuseme wakulima 120 walipeleka mazao kituo cha kwanza na wakulima 95 kituo cha pili. Ripoti inaandika chini yake kwamba wakulima wote ni 200. Mtu akijumlisha kichwani anapata 215 na kupiga kelele. Kumbe wakulima 15 walipeleka kwenye vituo vyote viwili, na programu imewahesabu mara moja. Ripoti iko sahihi.

Bei ya wastani nayo ni hivyo hivyo. Mnada wa kwanza kilo 30,000 ziliuzwa kwa Sh2,000 na mnada wa pili kilo 10,000 kwa Sh2,400. Wapo watakaosema wastani ni Sh2,200, kwa kuwa ndiyo katikati ya bei hizo. Si kweli. Fedha zote ni Sh84,000,000 kwa kilo 40,000, na hiyo ni Sh2,100 kwa kilo. Mkulima aliyeahidiwa wastani wa Sh2,200 ataona kama ameibiwa Sh100 kwa kila kilo, wakati aliyemtangazia ndiye aliyekosea hesabu.

Jambo la msingi ni kwamba tofauti isiyo na maelezo ndiyo inayopaswa kutisha. Tofauti yenye maelezo ya maandishi, yenye namba za stakabadhi na majina, ni sehemu ya kawaida ya biashara.

Kilo 350 ni za nani?

Mfano wa chama kizima unaonyesha vizuri kwa nini jambo hili si la karatasi tu.

Tuseme chama kimepokea kilo 48,600 kwa mizani ya kijijini. Ghala kuu limeandika kilo 48,250. Zilizouzwa hadi sasa ni kilo 45,000, na zilizobaki ghalani ni kilo 3,250. Ghala halina tatizo: 45,000 na 3,250 ni 48,250.

Lakini stakabadhi zilizo mikononi mwa wakulima zinasema 48,600. Kuna kilo 350 ambazo wakulima wanazidai na ghala halina. Kwa Sh2,000 kwa kilo, hizo ni Sh700,000.

Ripoti ikianza na namba ya ghala, kilo hizo hazionekani popote. Kila mstari utalingana na mwingine na ripoti itapitishwa. Pengo litaonekana siku ya malipo ya mwisho tu, pale mkulima aliye mwisho wa foleni atakapoambiwa korosho zimekwisha wakati stakabadhi yake haijalipwa. Ndiye atakayebeba unyaufu wa kijiji kizima.

Ripoti ikianza na namba ya wakulima, pengo linaonekana mapema. Hapo wanachama wanaweza kuamua kwa pamoja: je, unyaufu huo ni wa kawaida na ugawanywe kwa wote kulingana na kilo zao, au mizani ina kasoro, au kuna magunia yaliyoteremshwa njiani? Huo ni uamuzi wa mkutano. Usifanywe na karani peke yake usiku kwa kubadili namba kwenye kompyuta.

Upande wa fedha ni hivyo hivyo. Kilo 45,000 kwa Sh2,100 ni Sh94,500,000. Makato ya Sh100 kwa kilo ni Sh4,500,000. Wakulima wanastahili Sh90,000,000. Jedwali la malipo linaonyesha Sh88,800,000. Pengo ni Sh1,200,000, sawa na kilo 600.

Fedha hizo zinaweza kuwa bado ziko benki kwa sababu akaunti za wakulima kadhaa ziliandikwa vibaya na malipo yakarudishwa. Kama ni hivyo, salio la benki linapaswa kuonyesha Sh1,200,000, na ripoti iwe na orodha ya wakulima hao. Salio likiwa pungufu, au orodha ikikosekana, wanachama wana haki ya kutopitisha ripoti.

Kulinganisha ni haki ya pande zote

Wakulima wa korosho wanajua uchungu wa kulinganishwa. Novemba 2018, baada ya minada kukwama kwa sababu ya bei ndogo, serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo. Timu za uhakiki zilipita vijijini kulinganisha kilo ambazo mkulima alipeleka ghalani na shamba alilonalo, ili kuwabaini walionunua kwa kangomba. Wapo wakulima waliosubiri fedha zao kwa muda mrefu wakati uhakiki ukiendelea.

Kilichofanyika pale ni kulinganisha majedwali mawili yanayohusiana, mashamba na mapokezi. Kama rejesta za wakulima na mashamba yao zingekuwa zimehakikiwa kabla ya msimu, kazi hiyo ingechukua muda mfupi zaidi na mkulima halali asingeteseka pamoja na mlanguzi.

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa mkulima anaweza kudaiwa kuthibitisha kuwa kilo zake zinalingana na shamba lake, kwa nini chama kisidaiwe kuthibitisha kuwa malipo yake yanalingana na kilo zake?

Wapo wanaosema sasa mambo yamebadilika. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa vyama, unaojulikana kama MUVU, na mwaka 2024 minada ya korosho iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mfumo hauoni mizani. Unahifadhi namba iliyoingizwa na binadamu, na kama iliingizwa vibaya, utaihifadhi vibaya kwa uaminifu mkubwa.

Wengine wanasema kazi hiyo ni ya wakaguzi wa COASCO. Ni kweli wakaguzi hao wapo kwa ajili hiyo. Lakini ukaguzi huja msimu ukiwa umekwisha, fedha zimetumika na karani pengine amehama. Kosa linalobainika wiki ileile ya mnada hurekebishwa kwa kalamu. Linalobainika baada ya miezi kumi hurekebishwa mahakamani, kama litarekebishwa.

Dukani nako ni yale yale

Mfanyabiashara mdogo asidhani jambo hili halimhusu. Mwenye duka la pembejeo anayeuza mbolea kwa mkopo ana jedwali la mauzo, la malipo ya wateja na la bidhaa zilizobaki. Mteja aliyechukua mfuko mmoja na kulipa kwa awamu tatu, majedwali yakiunganishwa ovyo, anaonekana kachukua mifuko mitatu.

Mwenye duka anaona mauzo yamepanda, anaagiza mzigo zaidi kwa mkopo, kisha anashangaa fedha haionekani. Biashara ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Kilichokua ni ripoti.

Kipimo chake ni rahisi. Mifuko ya mwanzo, ukiongeza iliyonunuliwa na kutoa iliyouzwa, ilingane na iliyopo stoo kwa kuhesabu kwa mkono. Ripoti ya Z ya mashine ya EFD, kwa mwenye mashine hiyo, ilingane na mauzo ya siku kwenye programu. Fedha taslimu, malipo ya simu na madeni mapya vikijumlishwa vilingane na mauzo hayo hayo.

Ukurasa mmoja unatosha

Kinachohitajika si programu mpya ya mamilioni. Unahitajika ukurasa mmoja wa ulinganisho, unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya kila mnada na kusomwa kwenye mkutano mkuu.

Ukurasa huo uonyeshe mambo manne kwa kila jedwali: idadi ya mistari, idadi ya wanachama, jumla ya kilo au fedha, na tarehe lilipofungwa. Jumla hizo zichukuliwe kwenye jedwali lenyewe kabla halijaunganishwa na jingine. Ripoti ya pamoja ikitoka, jumla zake zirudishwe kwenye ukurasa huo. Kama ripoti ina kilo nyingi kuliko jedwali la mapokezi, kuna mistari iliyozaliana. Kama ina kilo chache, kuna mistari iliyopotea.

Chini yake ziandikwe hesabu mbili. Kilo zilizopokelewa ni sawa na zilizouzwa, zilizobaki na unyaufu. Fedha za mauzo ni sawa na malipo ya wakulima, makato na salio la benki. Kisha ifuate orodha ya wanachama waliopo kwenye mapokezi lakini hawapo kwenye malipo, na waliopo kwenye malipo lakini hawapo kwenye mapokezi.

Orodha hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko zote, kwa sababu jumla kuu zinaweza kulingana huku watu wameonewa. Malipo ya namba 041 yakiingia kwa namba 014, jumla ya chama haibadiliki hata kidogo, lakini mmoja amelipwa mara mbili na mwenzake hana kitu. Ndiyo maana jumla ilinganishwe kwa chama kizima, kisha kwa kila mwanachama.

Makatibu watasema hawana muda, umeme hukatika na mafunzo hayajatolewa. Hoja hizo zina uzito, na halmashauri pamoja na vyama vikuu wasaidie kutoa mafunzo. Lakini ukurasa huo unaweza kuandikwa kwa kalamu na kikokotoo. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakilinganisha pande mbili za vitabu vyao hata kabla Luca Pacioli hajachapisha maelezo ya njia hiyo mwaka 1494, na hawakuwa na umeme.

Wanachama nao wana wajibu. Stakabadhi zisifungiwe sandukuni na kusahauliwa. Kila mmoja ajumlishe kilo zake mwenyewe na kuzifananisha na zilizobandikwa kwenye ubao. Siku ya mkutano, kabla ya kunyoosha mikono kupitisha ripoti, aulize jumla tatu tu: zilizopokelewa ni ngapi, zilizouzwa ni ngapi, zilizolipwa ni ngapi. Viongozi wakishindwa kuzitaja na kueleza tofauti zake, ripoti irudishwe ofisini na mkutano upangiwe siku nyingine.